Daktari wa zamu ameandika kwamba tumbo ni laini, ilhali hakuligusa. Kwa nini mgonjwa wa dharura hasikilizwi?

#1 Baba Zuhura

Habari za jioni wanajamvi. Naomba tujadili jambo hili kwa utulivu, kwa sababu mwenzenu nimekaa nalo siku tisa na bado sijapata jibu.

Usiku wa kuamkia Jumapili, saa nane kasoro, mke wangu aliamka amejikunja, ameshika tumbo upande wa chini, jasho linamtoka ingawa usiku ulikuwa wa baridi. Nilimgongea jirani mwenye bajaji, tukafika hospitali moja ya serikali katika wilaya yetu. Tukaandikishwa, tukapewa namba ya malipo, nikalipa kwa simu, tukakaa kwenye benchi. Tulipoingia kwa daktari wa zamu, aliuliza tumbo linauma tangu lini, akajibiwa kuwa tangu saa tatu usiku. Mke wangu akaongeza kwa hiari yake: "Na bega hili la kulia linaniuma nikilala chali, sijui limepatwa na nini." Daktari, bila kuinua uso, akasema bega litaangaliwa kliniki siku ya Jumatatu. Akauliza kama yuko kwenye siku zake. Akajibiwa ndiyo, zimeanza juzi, ila zinatoka kidogo kidogo. Akaandika, akatupa karatasi ya sindano ya diklofenaki na vidonge vya omeprazole, akasema: "Ni vidonda vya tumbo, mama, punguza mawazo." Hatukumaliza dakika tatu ndani ya chumba kile.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri alianguka mlangoni mwa choo. Midomo ilikuwa imepauka kama karatasi. Safari hii tulikwenda hospitali nyingine, na muuguzi wa mapokezi alimfunua kope la chini, akambonyeza ukucha, akaita kwa sauti. Alikuwa na mimba iliyotunga nje ya kizazi, mrija umepasuka, na damu iliyokuwa imemwagika tumboni ilizidi lita moja. Alipasuliwa, akaongezewa damu chupa mbili. Namshukuru Mungu, yuko nyumbani.

Jana nilipokuwa napanga karatasi zake nikasoma ile ya usiku wa kwanza. Imeandikwa kwa Kiingereza, na shemeji yangu aliyesomea famasia alinitafsiria: maumivu ya tumbo kwa siku tatu, tumbo ni laini, halina maumivu likibonyezwa. Mimi nilikuwepo. Daktari hakusimama kwenye kiti chake. Mkono wake haukumgusa mke wangu hata kwa bahati mbaya. Kukosea naelewa, kwa sababu hata fundi mzuri hukosea kipimo. Ninachouliza ni hiki: inakuwaje mtu amsikilize mgonjwa wa dharura nusu nusu, kisha aandike alichokiona bila kuangalia?

#2 Mpemba wa Tanga

Pole sana ndugu, na mpe pole mama Zuhura. Baba yangu ni mgonjwa wa sukari wa miaka mingi. Mwaka juzi alilalamika taya na mkono wa kushoto, akichoka hata kuvaa kanzu. Tulimpeleka usiku, tukaambiwa ni gesi, akapewa dawa ya kunywa. Kesho yake kipimo cha umeme wa moyo kilionyesha kwamba sehemu ya moyo imekwisha kuumia. Yeye mwenyewe hakumlaumu mtu. Mimi ndiye nisiyeweza kusahau jinsi tulivyojibiwa, "Mzee amekula maharage?", na watu wakacheka.

#3 Tabibu wa Zamu

Pole, Baba Zuhura. Mimi ni daktari wa hospitali ya wilaya, mkoa siutaji, na nitajibu kwa upande wa watu wa kazi yangu bila kuutetea uovu.

Zamu ya usiku katika hospitali nyingi za ngazi yetu ina daktari mmoja. Huyo huyo anaitwa wodi ya wazazi mama akikwama, anaitwa wodi ya watoto mtoto akidegedeka, anaingia chumba cha upasuaji, na akitoka anakuta benchi limejaa. Kuna usiku nimeanza saa mbili na sikukaa hadi saa tisa. Mtu aliyechoka namna hiyo akisikia neno la kwanza hulikamata, na kila kinachofuata anakisikia kwa kulitumikia neno hilo. Kwa mke wako, neno "siku zangu" lilimfungia daktari mlango wa mimba. Kumbe damu kidogo kidogo isiyofuata kawaida, kwa mwanamke wa umri wa kuzaa mwenye maumivu ya tumbo, ndiyo sababu ya kupima mimba mara moja. Kipimo chenyewe ni kijiti cha mkojo, bei yake ni ndogo kuliko nauli yenu ya bajaji.

Na lile bega halikuwa jambo la Jumatatu. Damu ikimwagika ndani ya tumbo hugusa kiwambo kinachotenganisha tumbo na kifua, na mshipa wa fahamu wa kiwambo hicho unatoka shingoni pamoja na ile ya bega, kwa hiyo ubongo huhesabu kuwa maumivu yanatoka begani. Mwanafunzi wa udaktari hufundishwa hili. Daktari yule alilijua, naamini, lakini usiku ule halikumfikia.

Kuhusu kuandika uchunguzi ambao haukufanyika, sina la kutetea. Ninachoweza kusema ni kwamba maneno yale hutoka mkononi kwa mazoea, kama mtu anavyoandika "natumaini hujambo" mwanzoni mwa barua.

#4 Baba Zuhura

Nashukuru daktari, na maelezo ya bega nimemsomea mwenyewe akiwa amejinyoosha kitandani. Alinyamaza muda mrefu. Lakini usiku ule benchi halikuwa limejaa. Tulikuwa watu wanne, na mmoja alikuwa mlinzi aliyefuata dawa ya kichwa. Sikatai kwamba huenda alikuwa ametoka chumba cha upasuaji. Hata hivyo mfano wako wa barua umeniuma kidogo, kwa sababu "natumaini hujambo" haimrudishi mtu nyumbani akavujie damu huko.

#5 Tabibu wa Zamu

Umesema kweli. Nimeukosea mfano, na naomba radhi.

#6 Mama Mkunga Mstaafu

Hamjambo wanangu. Nimefanya kazi ya uuguzi na ukunga miaka thelathini na minne, sasa nipo shambani kwangu na mihogo.

Tabibu amesema uchovu, na uchovu upo. Mimi naona kosa lilianza kabla ya mlango wa daktari. Mke wa Baba Zuhura alipitia dirisha la kuandikisha na dirisha la kulipa, akakaa benchi, na hakuna aliyemshika mkono kuhesabu mapigo. Mwanamke anayevuja damu ndani, mapigo yake hukimbia mapema, presha ikiwa bado haijashuka. Ningeshika kifundo chake kwa nusu dakika ningejua kwamba huyu si wa kusubiri. Kule kupanga wagonjwa kwa uzito wa hali ndiko kunakookoa. Sisi tulifundishwa kwa rangi: nyekundu aonwe hapo hapo, chungwa ndani ya dakika 10, njano ndani ya saa moja, kijani ndani ya saa mbili. Daktari akipokea mgonjwa ambaye muuguzi amekwisha kumpa rangi ya chungwa, hata akiwa amechoka vipi, atainua uso.

#7 Mkuu wa Mtaa wa Pili

Mama, shikamoo. Rangi hizo zimetoka Uingereza, kwa hiyo tusishangae zikishindwa huku ambako muuguzi mmoja ana kazi za watu watano.

#8 Msafiri wa Leicester

Marahaba nimwachie Mama mwenyewe, lakini nirekebishe kidogo, kwa kuwa ninafanya kazi ya uuguzi huku Uingereza. Mifumo ya rangi ni zaidi ya mmoja na imechanganywa hapa. Ule wa Manchester ndio wenye kijani ya dakika 120. Upo mwingine uliotengenezwa Afrika Kusini, ukaanzia Cape Town miaka ya 2000, kwa ajili ya hospitali zenye watu wachache na vifaa vichache, na ndani yake kijani ni dakika 240. Huo wa pili unatumia vitu ambavyo muuguzi yeyote anaweza kuvipata: mapigo, pumzi, joto, presha, kama mgonjwa anatembea mwenyewe, kama anajibu akiitwa. Kwa hiyo, Mkuu wa Mtaa, mfumo unaofaa hali zetu umekwisha kuzaliwa hapa hapa Afrika.

#9 Mama Mkunga Mstaafu

Marahaba, wote wawili. Nashukuru kwa kunisahihisha mwanangu, sisi tulizishika rangi, asili yake hatukuambiwa.

#10 Binti Selimundu

Nimesoma kwa utulivu nikasema leo nami niandike. Nina selimundu, ule ugonjwa wengi wanaouita sikoseli, na nimeingia hospitali kwa dharura mara ambazo siwezi kuzihesabu. Nchi yetu Tanzania ni miongoni mwa zile zinazopata watoto wengi zaidi wenye ugonjwa huu duniani, wanakadiriwa kufikia 11,000 kila mwaka, kwa hiyo sisi si wageni kwa daktari yeyote.

Maumivu yakinishika, mifupa ya mapaja inakuwa kama inasagwa kinuni. Nafika na barua ya kliniki yangu yenye dawa na kipimo chake. Mara ya mwisho daktari aliisoma barua, akaikunja, akaniambia: "Ninyi mmezoea sindano." Nesi aliyekuwa pembeni akamnong'oneza mwenzake neno teja. Nilikaa saa tatu na nusu kwenye kiti cha plastiki, na nilichopewa kwanza ni panadoli. Jambo linalonitesa ni kwamba nimejifunza jinsi ya kuumwa mbele yao. Nikilia, wanasema naigiza. Nikinyamaza, wanasema mbona umetulia. Nimewahi kumwomba mama anitie poda shavuni na kunifunga kilemba vizuri kabla hatujaondoka nyumbani, ili nisionekane mtu wa mtaani.

Kwa hiyo, Tabibu wa Zamu, kwangu mimi si uchovu. Daktari wangu aliisoma barua, akaielewa, kisha akachagua kutoniamini.

#11 Msafiri wa Leicester

Dada, pole. Huku mwongozo wa taifa unasema mgonjwa wa selimundu mwenye maumivu makali apewe dawa ya kutuliza ndani ya dakika 30 tangu afike, na bado haifuatwi kila mahali. Mwaka 2021 kundi la wabunge wa Uingereza lilitoa ripoti nzima kuhusu jambo hili. Lilichochewa na kifo cha kijana mmoja mwaka 2019, ambaye akiwa amelazwa hospitalini alifikia hatua ya kupiga simu ya dharura ya 999 kutoka kitandani ili kuomba oksijeni. Ninayasema haya ili mtu asidhani kwamba tatizo ni umaskini peke yake. Vifaa huku vipo, madaktari wapo, na mgonjwa mweusi mwenye selimundu bado anaitwa mtafuta dawa.

#12 Mwalimu Kiswahili na Baiolojia

Naomba niingize sababu ambayo haijatajwa: lugha. Neno "tumbo" kwetu ni uwanja mpana mno. Mtu akisema tumbo linauma anaweza kumaanisha chembe cha moyo, kitovu, ubavu, kinena, nyonga au kizazi. Wapo wanaosema "chango" na kumaanisha maumivu ya hedhi, na wengine kwa neno hilo hilo wanamaanisha ngiri. Halafu yapo maumivu yenyewe. Tumbo linaweza kukata, kusokota, kuvuta, kuchoma, kufukuta, kuchomachoma kama kichomi, na kila kitenzi kati ya hivyo kina habari yake. Linalosokota kwa vipindi ni tofauti na linalovuta bila kuachia. Mama zetu wanavitumia vitenzi hivi kwa ustadi mkubwa, wakimweleza daktari. Kisha daktari anaandika kwa Kiingereza maneno mawili tu, maumivu ya tumbo, na ustadi wote ule unabaki mezani.

Mke wa Baba Zuhura alisema bega linamuuma "nikilala chali". Hiyo ni sentensi yenye thamani ya kipimo. Ilipotea katika tafsiri, na pale pale saa tano za kuumwa zikageuka siku tatu.

#13 Tabibu wa Zamu

Mwalimu umenigusa. Sisi tulisoma maumivu kwa Kiingereza, na nakiri kwamba mgonjwa akiniambia tumbo "linafukuta" huwa nakimbilia neno moja la kuchoma na kuendelea. Ila siku tatu zile hazikutoka kwenye lugha. Nadhani alizitoa kwenye jibu la hedhi, aliposikia "juzi". Ndiyo hatari ya kuandika huku ukisikiliza.

#14 Wifi wa Watu

Mwalimu akisahihisha karatasi za hospitali, nusu ya madaktari watarudia darasa. Nimecheka, lakini mimi nakubaliana zaidi na Binti Selimundu. Kuna sababu ambayo wanaume humu mnaizunguka: mwanamke akisema anaumwa, swali la kwanza ni mawazo, ndoa, au hedhi. Mimi niliumwa upande wa kulia chini, maumivu yalianzia kitovuni yakahama, nikatapika, na nikaambiwa nipunguze hasira na mume. Sina mume. Kidole tumbo kilipasuka siku iliyofuata. Kaka yangu aliumwa hivyo hivyo mwezi uliofuata, hospitali ile ile, akapasuliwa usiku ule ule. Nawaomba mnieleze kwa uchovu au kwa lugha.

#15 Mpemba wa Tanga

Wifi, kisa chako ni kizito, ila baba yangu ni mwanamume na alichekwa. Labda ni umri, labda ni kanzu kuukuu.

#16 Kondakta Mstaafu

Ni mavazi na ni pesa, tusidanganyane. Nenda usiku ukiwa na kadi nzuri ya bima na kiatu cha ngozi, uone kama daktari hatasimama. Hata majeruhi wa ajali tumewahi kuzungushwa tukatafute kwanza fomu ya PF3 kituo cha polisi huku mtu anavuja damu kwenye siti ya basi, ingawa serikali imetamka mara nyingi kwamba majeruhi atibiwe kwanza na fomu ifuate. Nilibeba mtu namna hiyo mimi mwenyewe, na kitambaa cha siti nililazimika kukitoa.

#17 Mkaazi wa Likoni

Salamu kutoka Mombasa. Huku kwetu katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inasema wazi kwamba mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Pamoja na hayo, mwaka 2015 mtu aliyegongwa na gari alizungushwa Nairobi hospitali hadi hospitali ndani ya gari la wagonjwa kwa takribani saa 18, na akafariki. Kwa hiyo sheria nzuri ni mwanzo tu. Je, huko kwenu mtu anaweza kushtaki wapi?

#18 Wakili Kijana

Nimjibu jirani yetu wa Mombasa, kisha nirudi kwa mwanzisha uzi, kwa sababu mambo mawili yanachanganywa. Kunyimwa matibabu ni kitu kimoja. Mke wa Baba Zuhura hakunyimwa: alipokelewa, alilipa, alionwa, alipewa dawa. Malalamiko yake ni ya uzembe katika kuhudumia na ya kumbukumbu isiyo ya kweli, na hilo la pili kwa maoni yangu ndilo zito zaidi.

Njia zipo. Ya kwanza ni barua kwa mganga mfawidhi wa hospitali yenyewe, na nakala kwa mganga mkuu wa wilaya. Ya pili ni malalamiko ya maandishi kwa Msajili wa Baraza la Madaktari Tanganyika, linalofanya kazi chini ya sheria ya mwaka 2017 inayosimamia madaktari, madaktari wa meno na wataalamu wa afya shirikishi. Mahakama ipo pia, lakini ni safari ndefu. Tunza karatasi ya usiku wa kwanza, piga picha pande zote mbili, omba muhtasari wa upasuaji kutoka hospitali ya pili, na risiti ya malipo usiitupe, kwa kuwa ina saa na dakika. Pia andika sasa hivi kila unachokikumbuka kabla hakijachanganyika na tunayoyasema humu.

#19 Mkuu wa Mtaa wa Pili

Wakili, hayo ya Baraza ni ya watu wa mjini. Kijijini ukimshtaki daktari pekee uliyenaye, mtoto wako akiumwa mwezi ujao utampeleka kwa nani?

#20 Wakili Kijana

Hoja hiyo ni ya kweli na sina jibu lake. Ipo simu ya bure ya Wizara ya Afya, 199, ambayo mtu anaweza kuipiga bila kusimama uso kwa uso na anayemlalamikia. Kwa nilivyoona, barua yenye tarehe na saa hufika mbali zaidi.

#21 Mama Mkunga Mstaafu

Nimerudi kutoka kwenye mihogo. Wifi wa Watu, nimekusoma mara mbili. Nilikuwa nesi, na niseme ukweli wangu. Nilipokuwa kijana nilimwambia mama mmoja mwenye uchungu aache kelele, si yeye wa kwanza kuzaa. Kumbe kizazi chake kilikuwa kinakaribia kupasuka. Daktari mmoja mzee, mkali sana, alikuja, akaweka kiganja chake juu ya tumbo, hakusema neno, akakiacha hapo mpaka uchungu mmoja ukaja na kupita. Kisha akaniambia nilete mkono wangu. Nikaweka. Nikahisi mstari ulivyokuwa umepanda juu kuelekea kitovuni, pale pasipo pake. Mama yule na mtoto walipona. Tangu siku ile sikuandika kitu cha tumbo ambacho kiganja changu hakijakihisi. Sikuwa na roho mbaya kabla ya hapo. Nilikuwa nimesikia kelele nyingi mno, zote zikawa zinafanana.

#22 Tabibu wa Zamu

Mama, natamani ungekuwa zamu yangu.

Nirudi kwenye mfumo kidogo, maana naona tumeuacha. Idara ya kwanza kamili ya tiba ya dharura nchini ilifunguliwa hospitali ya taifa ya Muhimbili mwaka 2010, na mafunzo ya ubingwa wa fani hiyo yakaanza mwaka huo huo. Maana yake ni kwamba, kama taaluma, dharura kwetu ni mtoto wa juzi. Huko nyuma mgonjwa wa dharura alikuwa wa yeyote aliyekuwa zamu, na katika hospitali nyingi za ngazi yetu bado ni hivyo. Ule mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa wa mwaka 2021, shilingi trilioni 1.3, ulijenga pamoja na mambo mengine majengo mengi ya dharura mikoani. Kwetu tuna jengo zuri. Tuna vitanda vinavyoinuka. Usiku mashine ya kupigia picha ya tumbo inafungiwa chumbani, na mwenye ufunguo anakaa mbali.

#23 Wifi wa Watu

Mkono haufungiwi chumbani, daktari.

#24 Tabibu wa Zamu

Haufungiwi.

#25 Msafiri wa Leicester

Nilitaka kusimulia jambo moja ambalo huenda likafaa. Mwaka 2021 msichana wa miaka 13 aitwaye Martha Mills alifariki huku kwa maambukizi yaliyosambaa mwilini, na wazazi wake walikuwa wamesema mara kwa mara kwamba hali inazidi kuwa mbaya. Kutokana na kampeni yao, kuanzia mwaka 2024 hospitali nyingi za Uingereza zimeanza utaratibu unaoitwa Kanuni ya Martha: mgonjwa au ndugu akiona hasikilizwi, anaweza kuita timu nyingine ije imwangalie upya, usiku au mchana, bila kumwomba ruhusa daktari aliyepo. Namba imebandikwa ukutani. Katika wodi yangu tumekwisha kuitwa namna hiyo, na mara nyingine ndugu walikuwa sahihi.

#26 Kondakta Mstaafu

Kwetu timu nyingine iko wapi, dada, wakati Tabibu anasema daktari ni mmoja?

#27 Binti Selimundu

Timu nyingine inaweza kuwa muuguzi. Usiku ule niliokaa kwenye kiti cha plastiki, aliyenipatia dawa hatimaye alikuwa nesi wa zamu ya asubuhi, ambaye alirudi kwa daktari yule yule na barua yangu ikiwa imefunguliwa, akaiweka juu ya meza, akakipitisha kidole chake kwenye mstari wa kipimo cha dawa. Hakugombana naye. Alisimama pale mpaka akaandika.

#28 Mwalimu Kiswahili na Baiolojia

Nilisoma zamani utafiti wa Marekani wa mwaka 1984 uliopima muda ambao daktari humwacha mgonjwa aeleze shida yake kabla ya kumkatiza. Ulikuwa sekunde 18. Na wale walioachwa wamalize, wengi hawakufika dakika moja.

#29 Tabibu wa Zamu

Ninaukumbuka, Mwalimu, ila tuweke sawa: ulikuwa wa kliniki za kawaida, haukuwa wa vyumba vya dharura. Katika dharura ya kweli kuna wakati ni lazima umkatize mtu. Mgonjwa anayebanwa pumzi humwachi ahadithie. Lakini mke wa Baba Zuhura alikuwa anaongea vizuri, na dakika tatu zilitosha kusikiliza na kubonyeza tumbo, vyote viwili.

#30 Baba Zuhura

Ndugu zangu, ahsanteni. Nimeandika barua kama Wakili alivyoelekeza, nikaipeleka mwenyewe, nikasainiwa nakala. Leo nimepigiwa simu. Mganga mfawidhi anatuita Alhamisi saa nne asubuhi, na daktari yule atakuwepo. Nilitaka kwenda peke yangu kwa kuwa mshono bado unamvuta, lakini mwenzangu amekataa. Amesema tumbo ni lake na atakwenda kulizungumzia mwenyewe. Ameniomba niwaulize hapa: akipewa nafasi ya kusema, na akijua huenda akakatizwa, aanze na lipi? Karatasi, au yale maneno ya kupunguza mawazo?

#31 Wakili Kijana

Aanze na karatasi. Ndiyo ushahidi. Maneno ya mdomo yatabishaniwa, maandishi hayabishaniwi.

#32 Wifi wa Watu

Aanze na "punguza mawazo". Hapo ndipo walipomfunga mdomo. Wajue kwamba alisikia.

#33 Mama Mkunga Mstaafu

Mwambie mwanangu aanze na bega. Alisema bega usiku ule, tena bila kuulizwa. Alisema vizuri kuliko wote waliokuwa mle chumbani. Aseme tena vile vile, nikilala chali linaniuma, halafu anyamaze, amwache daktari aeleze yeye mwenyewe mbele ya mkubwa wake lilikuwa na maana gani. Na mchukulieni mto mdogo wa kuweka tumboni kwenye bajaji, ile barabara nina hakika ina matuta.